Springi Ndefu za Kumfuata Dada Yustina

Kila ninayekutana naye kisimani ananiuliza, na kila mmoja ameshasikia lake. Mmoja kasikia springi ilitoboa nyumba ya jirani ikaua mbuzi. Mwingine kasikia dada yangu alijifungulia majini katikati ya viboko. Hakuna mbuzi aliyekufa. Basi naandika mara moja, nyie rafiki zangu msomeane, maana mtoto hanipi nafasi ya kusimulia jambo lile lile kila siku. Habari za tiketi na vibali sizigusi. Mnazijua, na nikizikumbuka hasira inapanda upya.

Jambo lenyewe ni hili. Dada yangu Yustina ameolewa Kasansa, na alikuwa mjamzito, mimba imeshakuwa kubwa. Uzazi wake wa kwanza alipasuliwa, na mtoto hakukaa. Safari hii nesi wa zahanati alimpapasa akamwambia mtoto amelala mshazari. Asithubutu kuzalia nyumbani, afike hospitali Mpanda kabla maji hayajafunga mbuga ya njiani. Salamu hizo zilinifikia kwa mdomo wa dereva wa lori, na dereva huyo huyo akaongeza kwamba yeye harudi tena kule mpaka mvua ziishe.

Mume wangu Fulgensi, ambaye ni fundi wa mitambo, alikuwa na kigari. Alikinunua kikiwa mzoga kutoka kwa watu waliokuja kutafuta madini wakaondoka. Ni kigari kidogo cha porini, injini iko nyuma, juu turubai, magurudumu yote manne yanavuta. Springi zake si zile za bapa zilizopangwa moja juu ya nyingine kama za Landrova. Ni za koili, chuma kimoja kilichojizungusha kama nyoka aliyelala. Kinapanda mlima vizuri sana. Lakini tumbo lake lilikuwa chini kama la nguruwe anayenyonyesha. Tulipojaribu kwenda Kasansa mara ya kwanza, kililalia tumbo kwenye tope la ukingo wa mbuga, magurudumu yakawa yanazunguka hewani.

"Tatizo siyo nguvu," Fulgensi akasema. "Tatizo ni kimo. Nikipata springi ndefu tunapita."

Nilimwambia dada yangu hana muda wa kungoja kimo. Akasema kuna springi Tabora, kwenye gereji moja, za gari la ukoo huo huo lakini la mizigo mizito, ndefu kuliko zetu kwa kiganja kizima. Yeye kazini hawamwachii siku nyingi hivyo. Ndivyo mimi niliyemaliza kidato cha nne, nikiwa na mwanangu Anjela mgongoni, bado ananyonya, nilivyotumwa kufuata vyuma.

Tabora hadi Kaliua

Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo.

Springi zilikuwa nne, nzito, zimefungwa kwenye magunia mawili. Kijana wa gereji aliniingizia behewani akakimbia kabla sijamshukuru. Nikakaa karibu na mlango nikiwa nimekasirika, nikiwaza Fulgensi yuko nyumbani anakula ugali wa moto.

Akaingia mama mmoja mnene, kafunga kitenge kipya, ana kapu kichwani. Akatua kapu, akakaa juu ya gunia langu moja kwa moja bila hodi.

"Mama, hapo kuna vyuma," nikamwambia.

"Nasikia. Vinanichoma kama maneno ya mawifi zangu. Wewe mtu wa wapi?"

"Mpanda. Lakini mimi Mfipa."

Akapiga makofi, akageukia watu wa behewa. "Jamani, Mfipa anasafiri kwa treni. Ungo umepasuka?"

Wakacheka wote. Mnajua Wanyamwezi na sisi, eti Wafipa tunaruka na ungo usiku, utani wao hauna breki. Mimi nilikuwa sijalala wala sijala, nikamjibu kwa ukali, "Ungo nimemwazima shangazi yako, hajarudisha. Na nyie Wanyamwezi mliumbwa kubeba mizigo ya watu tangu enzi za Waarabu. Acha mdomo, beba."

"Nibebe?"

"Beba."

"Sawa," akasema. "Mashahidi mpo."

Aliitwa Mama Kulwa. Njia nzima alinitania. Alisema mume wangu ni mvivu aliyeoa ili apate wa kumtuma, ndiyo maana ananituma dukani mpaka Tabora. Hilo nilikubaliana nalo.

Kaliua tulishuka kungoja treni ya Mpanda. Watu wanasukumana, kuku wanapiga kelele, mtoto kanichafua mgongo mzima. Niliyaweka magunia ukutani nikaenda bombani kumwosha Anjela. Niliporudi, gunia moja lilikuwa limelegea. Nikahesabu. Springi tatu.

Nilipiga kelele za mwizi ambazo naona hata Urambo walizisikia. Vijana wakatawanyika huku na huku. Mfanyakazi mmoja wa reli akanijia taratibu, kofia mkononi.

"Dada, ulikaa na nani?"

"Mnyamwezi mmoja, mnene, ana kapu."

"Mliongea?"

"Alinitania, nikamjibu."

"Ulimjibuje?"

Nikamwambia. Yule bwana akavaa kofia yake, akawaita vijana warudi. "Ndugu zangu, acheni mbio. Aliambiwa abebe, amebeba."

Kaliua hadi Mpanda

Nilimkuta ndani ya treni ya Mpanda. Alikuwa ameshanishikia nafasi dirishani. Springi yangu ilikuwa mapajani mwake, kaifunika khanga, anaipigapiga mgongoni.

"Polepole, utamwamsha," akasema. "Nimejifungua njiani. Kafanana na baba yake, kichwa kigumu."

Mimi sikucheka. Nilimwambia ana wazimu, nilimwambia dada yangu anaweza kufa kwa sababu ya mzaha wake, nikanyanyua mkono. Behewa zima likanigeukia. Nyie mnajua ni aibu gani kumkasirikia mtani. Ni sawa na kumkataa. Mama mwingine aliyekaa mbele yangu akasema polepole, "Mwanangu, mtani hakuibii. Mkomboe tu, yaishe."

Nikabaki nimesimama na mkono wangu juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikaushusha. Nikafungua fundo langu, nikatoa kipande cha sabuni nilichokipata Tabora kwa taabu, na nyie mnajua sabuni ilivyokuwa adimu. Nikampa. Akainusa, akaikata katikati kwa uzi wa kapu lake, nusu akanirudishia. Kisha akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Dada yako ana nini?"

Nikamweleza. Hakutania tena mpaka tulipovuka mto Ugalla.

Na Ugalla ndipo tulipolala, kwa maana mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli na mafundi walikuwa wanajaza mawe. Mchana kutwa treni imesimama porini. Watu wa huko wakaja na asali kwenye chupa, wakauza mpaka ikaisha. Mimi sikuwa na chakula tena. Mama Kulwa akafungua kapu lake, akanipa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa vinavyotafunwa kama ngozi halafu vinageuka sukari mdomoni. Tulivila na asali. Alimbeba Anjela muda wote ili mimi nilale, na nililala kama gogo. Niliamka nikakuta ameyahamisha magunia yangu, kayaweka chini ya miguu yake, na anawaeleza watu wapya walioingia, "Msiguse. Hizo ni dawa za mgonjwa."

Alishuka stesheni ndogo kabla ya Mpanda. Jina la kijiji chake sikuliuliza, na linaniuma. Kama yuko mtu wa upande ule anayesoma haya, mwambieni Mfipa wa vyuma anashukuru, na ungo ameshatengeneza.

Misunkumilo, mahali tulipokwama bila kusafiri

Mtasema nyumbani siyo safari. Mimi nasema hicho ndicho kituo kilichokuwa kirefu kuliko vyote.

Fulgensi aliinua kigari kwa jeki nyuma ya nyumba, akaikalisha fremu juu ya magogo ya mninga. Akafungua gurudumu, akafungua boliti ya shokapu, ekseli ikashuka chini, springi ya zamani ikatoka kwa mkono kama jino la mtoto. Alitabasamu. Nikasema moyoni, kumbe ni kazi ya asubuhi moja.

Halafu akaleta springi mpya. Haikuingia. Aliisukuma kwa mguu, akaisukuma kwa mtaimbo, akalala chini akaisukuma kwa miguu miwili. Ekseli ilikuwa imefika mwisho wake wa kushuka na springi ilikuwa bado ndefu. Ilibidi ibanwe ifupike kwanza, na kifaa cha kubania hakuwa nacho.

"Hukulijua hili kabla hujanituma Tabora?" nikamwuliza.

"Nililijua. Nilifikiri nitapata njia."

Nikaondoka pale kabla sijamrushia spana.

Njia ilitoka kwa jirani yetu Masanja, Msukuma anayechinja ng'ombe. Alikuja kuangalia, akasema kwao majembe ya ng'ombe na nira hufungwa kwa kamba za ngozi mbichi. Ngozi ikiwa mbichi inanyooka, ikikauka inajibana yenyewe, hata fahali haikati. Akaenda akakata kamba pana kutoka ngozi ya siku ile, zinanuka, zinateleza. Wakachukua boriti ndefu, ncha moja wakaiingiza chini ya shina la mti, springi wakaisimamisha chini ya boriti, halafu wakaita watu wakalie ncha ya pili.

Hapo mtaa mzima ulikuja. Watu walipanda kwenye boriti kama kunguru. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akapanda na suti yake ya Kaunda, akasema ni kazi ya kujitegemea. Springi ikashuka, ikashuka. Fulgensi na Masanja wakaifunga kamba mahali patatu. Watu wakashuka polepole, mmoja mmoja. Kamba zikashika. Jua likatoka, ngozi ikakauka ikawa kama mbao. Wakaiingiza kwenye gari, wakashusha gari uzito ukakaa juu yake, Fulgensi akakata kamba kwa panga lililofungwa kwenye mti mrefu, akiwa mbali. Ikafunguka taratibu ikakaa mahali pake. Kona moja ya kigari ikanyanyuka kama mbwa anayeinua mguu. Tulishangilia wote, na mimi nilishangilia.

Springi ya pili waliifunga vile vile, wakaiegemeza kwenye ukuta wa jiko langu ikauke, wakaenda kula.

Mimi nilikuwa ndani ya jiko napakua maharage. Anjela alikuwa nje kwenye mkeka, hatua chache kutoka ukutani, anachezea kifuniko cha sufuria. Nikasikia kitu kinatafuna. Nikafikiri ni mbuzi. Nikatoa kichwa mlangoni, nikamwona mbwa wa Masanja, yule mwekundu aliyelelewa kwa makombo ya buchani, kaishika ile springi kwa miguu ya mbele kama mfupa, na kamba ya kwanza ameshaimaliza.

Sikupata muda wa kusema hata "toka". Kamba mbili zilizobaki zilichomoka, ikapiga kama bunduki. Mbwa akaruka upande, ile springi ikapanda juu, ikapita kwenye nyasi za paa langu la jiko na kutokea upande wa pili, ikaanguka kwenye mihogo ya jirani. Vumbi na nyasi vikanijaa kichwani. Maharage yalimwagika yote. Nilitoka sijui kwa mlango au kwa shimo. Anjela alikuwa amekaa pale pale, kifuniko mkononi, anatazama juu ilikokwenda. Kisha akaanza kucheka.

Mimi nilikaa chini kando yake. Fulgensi alikuja mbio na ugali bado uko mkononi. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki. Nilimwambia anaokoa mtoto wa dada yangu kwa kumwua wa kwetu. Masanja akasimama pembeni akisema, "Shemeji, mbwa ni wangu, nitampiga." Nikamwambia mbwa ndiye mwenye akili kuliko wote hapo, yeye alijua ile ni nyama. Nyie watu wazima mmefunga kifo kwa nyama mkakiegemeza jikoni kwangu.

Fulgensi alimchukua mtoto, akamgeuza huku na huku akimtafuta jeraha. Kisha akasema, "Basi. Naacha. Tutafute njia nyingine ya Yustina."

Na njia nyingine haikuwapo. Nilijua, naye alijua. Nilikaa pale nikilia kwa hasira mpaka nilipochoka, nikasimama, nikasema zilizobaki zitalazwa kwenye mfereji kati ya matuta, shambani, mbali na nyumba, na hakuna atakayezisogelea. Basi ndivyo ilivyokuwa. Kama mlipita Misunkumilo siku zile mkaona mwanamke amesimama juani na fimbo analinda chuma kisiliwe na mbwa, ndiye mimi.

Mpanda hadi Kasansa

Tuliondoka alfajiri, mimi, Fulgensi na Anjela. Kigari kilikuwa kirefu mpaka nilihitaji kigoda kupanda. Kweli kilipita. Tope lililotushinda mara ya kwanza tulilivuka bila hata kupunguza mwendo, na mbuga, maji yake yalikuwa bado kwenye nusu ya gurudumu, tukapita viboko wakitutazama. Fulgensi alianza kuimba.

Lakini jamani, mrusho. Zile springi zilitengenezwa kwa gari la kubeba tani, na sisi tulikuwa watu wawili na mtoto. Kila jiwe lilinifika kwenye meno. Kibaoni nilikuwa naumwa mgongo, Usevya nikawa naumwa kila kitu. Mamba tulisimama kwa mama anayeuza uji, akanitazama ninavyoshuka, akauliza, "Huyu bwana anakupiga?"

"Hapana mama. Ni gari."

"Wote wanasema hivyo," akasema, akanijazia kikombe cha pili bure. Nilikosa nguvu za kumweleza. Uji ule ulikuwa mzuri.

Kasansa

Dada Yustina alitokea mlangoni ameshika kiuno, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii. Alinikumbatia kwa ubavu kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi. Mama mkwe wake alikuwa ameshapika wali na kambale, na mwingine wa kufunga njiani. Mume wake, shemeji Leonsi, aliweka godoro nyuma ya kigari, tukampandisha.

Hatukufika hata kanisani. Kigari kiliruka kwenye bonde la kwanza na Yustina akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nishusheni," akasema. "Nishusheni, nitembee."

Fulgensi alizima injini. Alikaa ameshika usukani, uso umemwanguka. Alikuwa ameipata njia ya kupita maji, na gari lenyewe lingemwua yule liliyemfuata. Mimi nilikuwa na maneno mengi tayari mdomoni. Nilipomtazama nikayameza.

Alishuka, akazibonyeza springi kwa mkono, akasema peke yake, "Zinataka uzito. Zikipata uzito zitalala."

"Mchanga," nikasema. "Jazeni magunia mchanga."

Hapo wanaume wa Kasansa wakaanza. "Mchanga? Mpeleke mchanga Mpanda? Sisi tuna mpunga wa mwaka jana umekaa kwa kukosa lori, halafu gari liondoke na mchanga?" Nikawaambia mpunga ukilowana umeoza. Mchanga hauozi. Wakasema shemeji, mchanga hauliwi. Shemeji Leonsi naye akawaunga mkono, nikaona napoteza muda. Wakaleta magunia ya mpunga, wakayapanga, godoro likawekwa katikati. Kigari kikashuka kikatulia. Kilipotembea kikawa kinatikisika taratibu kama mtu mnene anayetoka misa. Yustina akafumba macho, akasema, "Sasa hivi sawa."

Nilikubali. Lakini nilitazama chini ya gari nikaona tumbo lake limerudi lilipokuwa zamani.

Mbugani

Mvua ilikuwa imenyesha nyuma yetu. Tulipofika ukingo wa mbuga, maji yalikuwa yameongezeka, na lori moja lilikuwa limezama mpaka kwenye ekseli pale mwanzoni, abiria wake wamekaa ukingoni chini ya turubai, wamechoka. Walipotuona walisimama wote. Walidhani tumeletwa kuwavusha. Kabla Fulgensi hajafungua mdomo watu walikuwa wameshadandia, mmoja kakanyaga godoro, kigari kinalia.

"Ndugu zangu, shukeni, kuna mgonjwa," Fulgensi akasema. Hakuna aliyemsikia.

Yustina akajishika kwenye fremu ya turubai, akasimama. Dada yangu ni mrefu, na tumbo lile lilikuwa mbele yake kama ngoma.

"Nyie," akasema, hata sauti hakupandisha. "Mnaona hili? Mtoto amekaa vibaya humu ndani, nakwenda kupasuliwa. Atakayebaki kwenye gari abaki. Tukizama, yeye ndiye atakayekwenda kuwaambia watu wangu."

Wakashuka. Wa mwisho akasema samahani mama.

Fulgensi alipima maji kwa fimbo. Akarudi akaniambia polepole, tukiwa na uzito huu tutalalia tumbo katikati. Tukiwa watupu tutapita, na kwenye tope kigari hakirushi, Yustina hataumia. Lakini ng'ambo kule barabara ni mawe mpaka Mpanda. Uzito lazima uvuke.

"Nilisema mchanga," nikamwambia. Mchanga tungeumwaga pale na kuchota mwingine ng'ambo.

Tulikuwa tumesimama pale, shemeji Leonsi anatazama magunia yake na mimi namtazama yeye, alipokuja utingo wa lile lori lililozama. "Hayo yanavuka," akasema. "Sisi tuko hapa tunafanya nini?" Akajitwisha gunia la kwanza. Wakafuata wengine, watu ambao walikuwa hawajala tangu jana yake. Waliokuwa na nguvu walibeba mmoja mmoja, wengine walisaidiana wawili wawili, maji juu ya magoti, magunia kichwani. Bibi mmoja aliyekuwa hana nguvu za gunia alimchukua Anjela begani, akavuka naye akimwimbia. Mbele walitanguliza vijana wanaopiga maji kwa fimbo ili viboko wasogee. Na Yustina peke yake kwenye godoro, Fulgensi kwenye usukani, kigari kimenyanyuka juu kwa springi zake zote, kikapita kwenye maji kama bata. Tumbo halikugusa. Mimi nilikuwa nyuma yake natembea, nimeshika bampa, na nawaambia kweli, wakati huo nilizipenda zile springi.

Ng'ambo wakatupangia magunia upya. Mawili yalikuwa yamelowa. Wali na kambale wa mama mkwe tuliwaachia wote, pamoja na sufuria. Mpunga tungewapa pia, lakini utakoboa mpunga porini bila kinu? Utingo alikataa asante. Alisema, "Dada, mkifika salama mtuletee habari kwa lori lolote." Tumepeleka. Sijui kama zilimfika.

Sitalike hadi hospitali

Uchungu ulimwanza baada ya Sitalike. Yustina hakusema. Niliuona kwenye mkono wake, alivyolishika gunia. Fulgensi aliendesha kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akiendesha, kila jiwe analizunguka, kila shimo anaingia taratibu kama anaweka yai. Hakuimba.

Walimpokea usiku, wakamwingiza ndani, wakafunga mlango. Mimi na shemeji Leonsi tulibaki kwenye benchi. Leonsi alisali rozari nzima akakosea mafumbo, akaanza upya. Fulgensi alisema anakwenda kuangalia gari.

Jua lilikuwa limepanda sana nesi alipotoka. Alikuwa anajipangusa mikono. Alituambia ni msichana, analia vizuri, na mama yake ameamka anaomba maji. Leonsi alikaa chini pale pale sakafuni. Mimi nikatoka nje kumtafuta mume wangu.

Nilimkuta chini ya kigari. Miguu tu ndiyo ilikuwa nje, matope yamekauka mpaka magotini, ana spana anagongagonga kitu ambacho hakikuwa kimelegea. Nikamvuta mguu.

"Toka."

Kugonga kukanyamaza. "Amefanyaje?"

"Toka kwanza."

"Niambie nikiwa huku huku."

Nikainama. "Wazima. Wote wawili."

Hakutoka. Spana ilianguka chini. Nikamsikia analia, kwa ndani, kama mtu anayejiziba kwa mkono. Tangu tuoane sikuwahi kumsikia. Nilikuwa nimemwekea maneno mengi, ya jiko langu, ya mbwa, ya Tabora, yamepangwa yote tayari. Sikulitoa hata moja. Niligeuka, nikakaa kwenye gurudumu nikiiziba miguu yake kwa khanga yangu, Anjela mapajani.

Wakapita wagonjwa, wakapita watu na vyakula vyao. Mzee mmoja akasimama, akatazama ile miguu, akauliza, "Gari limeharibika, mama?"

"Hapana," nikamwambia. "Anamalizia."